Gari la Wagonjwa Juu ya Mawe

Si jambo geni, katika ua wa nyuma wa hospitali ya wilaya au kituo cha afya cha mbali, kukuta gari jeupe la wagonjwa limewekwa juu ya mawe. Matairi yamehamishiwa gari jingine, betri haijulikani ilipo, na kuku wamepata mahali pa kutagia chini ya kiti cha dereva. Akiulizwa msimamizi gari lilipatwa na nini, jibu huwa fupi: barabara imelimaliza. Jibu hilo lina nusu ya ukweli. Nusu iliyosalia inawahusu wahudumu wa afya wenyewe, kwa kuwa gari hilo halikufa kwa siku moja, na karibu kila hatua ya kufa kwake ilitanguliwa na dalili ambayo mtu fulani aliisikia au aliiona.

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walichapisha uchambuzi wa vifo vya wajawazito uliogawa ucheleweshaji katika sehemu tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ucheleweshaji wa pili umezoeleka kuelezwa kwa umbali, mito na ubovu wa barabara. Hali ya gari lenyewe hutajwa mara chache. Hata hivyo, mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kupoteza maisha ndani ya saa mbili, na katika vijiji vya mabondeni na milimani saa hizo mbili huweza kuisha njiani wakati wa masika hata gari likiwa zima. Likiwa bovu, hakuna hesabu ya kufanya. Gari la wagonjwa ni kifaa cha tiba. Hakuna chumba cha upasuaji kinachoruhusu mashine ya usingizi itumike bila kukaguliwa mpaka izime mgonjwa akiwa mezani. Kwa gari, mwenendo huo umezoeleka kiasi cha kutoonekana kuwa ni kosa.

Nchini Tanzania, sehemu kubwa ya barabara zilizo chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) ni za udongo na changarawe. Madhara yake kwa gari yanatabirika, kama yanavyotabirika madhara ya shinikizo la juu la damu kwa figo na moyo. Adui mkubwa si shimo, ambalo dereva huliona na kulikwepa. Ni ile migongo midogo iliyojipanga kuikatisha barabara kama bati, inayolitetemesha gari kwa saa nzima bila kupumzika. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka baada ya kila mgongo. Kazi hiyo huyapasha joto mafuta yaliyomo ndani yake, na yakipata joto kupita kiasi huwa mepesi na kutoa povu, hata shokapu ikabaki bomba tu lisilozuia kitu. Tangu hapo matairi hayaikanyagi barabara sawasawa. Breki zikikanyagwa, gari huchukua umbali mrefu zaidi kusimama, na kwenye kona yenye changarawe sehemu ya nyuma huanza kutafuta njia yake yenyewe. Dereva akilalamika kwamba gari "linaogelea", ameshatoa maelezo yanayotosha kuanzia uchunguzi.

Springi hufuata. Gari la Toyota Land Cruiser la mfululizo wa 70, linalofahamika sana katika usafiri wa wagonjwa vijijini, lina springi za mabamba nyuma. Bamba moja likivunjika, yaliyobaki hubeba mzigo wake, na dereva anaweza kuendelea na safari kwa siku kadhaa asijue. Katika gereji ya njiani hutolewa dawa mbili, zote mbaya. Ya kwanza ni kulichomelea bamba lililovunjika. Chuma cha springi kimepikwa kwa joto maalumu ili kiweze kupinda na kurudi mahali pake, na moto wa kuchomelea hukiondolea uwezo huo; basi huvunjika tena kandokando ya kovu lilelile. Ya pili ni kuongeza bamba jingine nene ili tatizo lisirudi. Gari hapo huwa gumu, fundi husifiwa, na anayelipa ni mgonjwa aliyelala nyuma. Aliyevunjika paja au nyonga hupokea kila mgongo wa barabara kwenye mfupa wake, na ncha za mfupa zikisogea, maumivu huongezeka na damu huzidi kuvujia ndani. Daktari anayempokea huandika kwamba mgonjwa alifika akiwa katika hali mbaya. Haandiki idadi ya mabamba ya springi.

Vumbi na maji hufanya kazi kimyakimya zaidi. Kichujio cha hewa kilichojaa vumbi huinyima injini pumzi, moshi mweusi ukatoka na nguvu ikapungua mlimani. Hilo huonekana. Lisiloonekana ni kichujio kilichopulizwa kwa kompresa mara nyingi hata karatasi yake ikapasuka, au kilichorudishwa bila kukaa vizuri mahali pake. Chembe za mchanga hupenya, husaga silinda na ringi za pistoni, na injini huanza kula oili kabla ya wakati wake. Mitoni nako, difu lililopata moto likizamishwa ghafla katika maji baridi, hewa iliyomo ndani hupoa na kusinyaa, na maji huvutwa kupitia sili au tundu la kupumulia. Oili hugeuka rangi ikafanana na chai ya maziwa. Kufungua nati moja na kutazama ni kazi ya dakika chache; kutotazama ni kununua difu jingine. Beringi za magurudumu zilizoingiwa na maji na tope zinahitaji uangalifu uleule, na mafuta ya breki vilevile, maana hufyonza unyevu kadiri yanavyokaa, na katika mteremko mrefu huweza kuchemka na kumwacha dereva akikanyaga pedali isiyojibu.

Ndani ya gari, mtikisiko hulegeza kila kilichofungwa. Nati ya kishikio cha mtungi wa oksijeni hujifungua kidogo kidogo, kufuli ya kitanda huchakaa, waya wa mashine ya kufyonza hukwaruzwa mpaka shaba ikaonekana. Mtungi wa chuma uliochomoka mahali pake wakati gari linasimama kwa ghafla unaweza kumuua muuguzi aliyekaa mbele yake. Hapa hakuna sababu ya kumsubiri fundi. Muuguzi anayekagua dawa za dharura kila zamu anaweza kuushika mtungi kwa mkono na kuutikisa.

Utetezi unaotolewa zaidi kwa kutopeleka gari gereji unastahili heshima, kwa sababu hautokani na uzembe. Kituo kina gari moja. Tarafa nzima inalitegemea. Mganga mfawidhi anayeliruhusu liende wilayani kwa matengenezo ya siku mbili anajua kwamba katika siku hizo huenda mama akapata kifafa cha mimba na pasiwe na cha kumbebea, na kwamba lawama zote zitamwangukia yeye. Akiahirisha, hakuna atakayemlaumu leo. Kwa hiyo huahirisha, na mwezi ujao huahirisha tena. Uamuzi huo, ukitazamwa siku moja moja, una huruma ndani yake. Ukitazamwa kwa mwaka, ni uamuzi wa kuchagua mahali ambapo gari litasimama. Litasimama vilevile, ila badala ya kusimama gereji Jumanne asubuhi, likiwa tupu na kila mtu akiwa amearifiwa, litasimama usiku wa manane katikati ya pori likiwa na mgonjwa ndani, pasipo mtandao wa simu. Na baada ya hapo halitakosekana siku mbili. Litakosekana majuma, pengine miezi, likisubiri kipuri na kibali cha malipo.

Tofauti kati ya misimamo hiyo miwili ni maandalizi. Kutokuwapo kwa gari kulikopangwa kunaweza kuzibwa: kituo jirani huarifiwa tarehe, wajawazito walio karibu kujifungua na wenye viashiria vya hatari hushauriwa kusogea mapema, na mfumo wa m-mama, unaopokea simu bila malipo kwa namba 115 na kutumia pia magari ya madereva wa jamii pale ambapo gari la wagonjwa halipo, huelezwa hali ilivyo. Kutokuwapo kwa ghafla hakuna wa kukuziba. Sekta ya afya inalijua jambo hili kuliko sekta nyingine yoyote. Ndiyo inayozunguka vijijini ikihubiri chanjo, vyandarua na kliniki ya wajawazito. Methali ya ufa na ukuta hutajwa katika kila semina ya kinga. Gereji tu ndiko isikotajwa.

Kosa la pili ni la kipimo. Ratiba ya matengenezo hufuata kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi kana kwamba kilomita zote ni sawa. Si sawa. Vitabu vya watengenezaji wa magari hutenganisha matumizi ya kawaida na matumizi magumu, yaani vumbi, matope, mizigo mizito na barabara mbovu, na kwa matumizi magumu hufupisha umbali wa kubadilisha oili na vichujio, mara nyingi hadi nusu. Gari la wagonjwa la kijijini ni mfano kamili wa matumizi magumu, lakini ratiba yake huweza kunakiliwa kutoka gari la ofisini linaloishi juu ya lami. Kituo kinachovuka mito wakati wa masika kinahitaji ratiba inayofuata majira: difu na beringi hukaguliwa baada ya mvua, vichujio wakati wa kiangazi. Mgonjwa wa kisukari hapimwi sukari mara moja kwa mwaka kwa sababu mtu mzima asiye na ugonjwa hupimwa hivyo.

Dereva naye amewekwa mbali mno na meza ya maamuzi. Yeye ndiye anayekaa na gari saa nyingi kuliko mtu yeyote, na mara nyingi mgongo wake ndio wa kwanza kuumia shokapu zinapokufa. Husikia beringi ikianza kulia, huhisi usukani ukivuta upande mmoja, hujua ni lini gari lilianza kuwaka kwa taabu asubuhi. Taarifa hizo huishia katika mazungumzo chini ya mwembe. Kituo kinachofanya kikao cha asubuhi kuhusu wagonjwa waliolazwa kinaweza kutoa dakika tatu kwa dereva, na maneno yake yaandikwe kwa tarehe kama yanavyoandikwa maelezo ya mgonjwa. Dereva aliyeandika mara tatu kwamba breki zinavuta kushoto hawezi kusukumiwa lawama ajali ikitokea, na aliyepokea taarifa hiyo hawezi kudai hakujua. Huenda hiyo ndiyo sababu baadhi ya vituo havipendi kuandika.

Fedha zipo chache, na hakuna haja ya kujifanya vinginevyo. Lakini namna zinavyopangwa inasema mengi. Gari jipya hukabidhiwa kwa sherehe, utepe hukatwa, picha hupigwa, na ufunguo hupokewa kwa mikono miwili. Matairi ya mwaka wa tatu hayana sherehe. Shirika la Riders for Health lilizaliwa kutokana na tatizo hilohilo, baada ya Barry Coleman na mwendesha pikipiki za mashindano Randy Mamola kutembelea Somalia mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuona vyombo vya usafiri wa afya vimetelekezwa kwa hitilafu ambazo matengenezo madogo yangezizuia. Nchini Gambia shirika hilo lilifanya kazi na Wizara ya Afya kwa utaratibu wa kukokotoa mapema gharama ya kila kilomita, ikijumuisha oili, matairi na vipuri, ili gari lifikapo wakati wa kuhudumiwa fedha ziwe zimeshatengwa. Hesabu hiyo haihitaji shirika la kigeni. Inahitaji kitabu cha safari kinachojazwa kwa ukweli, na kamati ya kituo inayokataa kupokea gari kabla ya kuulizwa nani atalinunulia matairi.

Kitabu cha safari kikijazwa kwa ukweli, kitafichua pia magunia ya mahindi, mifuko ya saruji na safari za msibani. Mzigo wa namna hiyo juu ya barabara kama bati huvunja springi haraka kuliko wagonjwa wa mwezi mzima. Wananchi hulijua hilo vizuri, kwa kuwa ndio wanaoona gari likipita limeinama nyuma. Wana haki ya kuuliza.

Wana haki ya kutazama pia, na kitu chepesi kuliko vyote kutazama ni tairi. Ubavuni mwake, mwishoni mwa mfululizo unaoanza kwa herufi DOT, kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni juma na mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Penye 3521, tairi lilitengenezwa juma la 35 la mwaka 2021. Mpira huzeeka kwa jua na joto hata kama haujatembea, hivyo tairi la akiba lililofungwa nyuma ya gari kwa miaka kumi laweza kuwa na kashata nzuri za kupendeza na lisifae kumfikisha mgonjwa hospitali. Ndugu wa mgonjwa anayeisoma namba hiyo na kuipeleka kwa mjumbe wa kamati ya kituo atakuwa ametumia dakika moja.