Kipimo cha Dopla: rangi kwenye skrini si majibu ya saratani ya matiti

Akina mama wengi vijijini wanaijua ultrasaundi kwa sababu ya ujauzito. Hupima matiti pia, na siku hizi mashine nyingi zina Dopla, ile inayoonyesha rangi. Swali linalotujia studio ni hili: je, Dopla inagundua saratani?

Inasaidia, lakini haiamui.

Ultrasaundi hutuma mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii, yakagonga nyama za titi na kurudi. Haina mionzi. Dopla huongeza kuonyesha damu inavyotembea. Sauti inayogonga kitu kinachosogea hurudi imebadilika, kama honi ya basi inavyoshuka mlio basi likishakupita. Mwanafizikia wa Austria, Christian Doppler, alieleza jambo hilo mwaka 1842. Kwa kawaida nyekundu ni damu inayokielekea kifaa, bluu ni inayokwenda mbali nacho. Kwa hiyo ukiona nyekundu usishtuke, haina maana ya hatari.

Kwa nini damu? Saratani ikikua hujiotesha mishipa ya kuilisha. Mfuko wa maji hauna damu ndani yake. Hapo Dopla humsaidia mpimaji kutofautisha. Tatizo ni kwamba uvimbe usio saratani nao unaweza kuwa na damu nyingi, na saratani nyingine hazionyeshi rangi yoyote. Hata mpimaji akikandamiza sana titi, mishipa midogo hubanwa na rangi hupotea.

Ndiyo maana mtu mwenye uvimbe unaotiliwa shaka asirudishwe nyumbani eti kwa sababu rangi haikuonekana. Anahitaji kuchukuliwa kinyama kikapimwe maabara. Na hapa ndipo tunapokwama. Kwa Tanzania, kazi hiyo haifanyiki kila kituo. Mgonjwa hutafuta nauli ya kwenda Bugando, KCMC au Ocean Road. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linataka ugonjwa uwe umethibitishwa ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza. Kwa maoni yangu, kituo kinachonunua mashine ya rangi bila kupanga njia ya kusafirisha sampuli kimefanya nusu ya kazi.

Ukipimwa, uliza kabla hujatoka chumbani: uvimbe huu ni maji au nyama? Nahitaji kuchukuliwa kinyama? Wapi, na majibu yatatoka lini? Omba ripoti iliyoandikwa, uitunze. Hospitali ya rufaa wataihitaji.