Kabla hamjamfuta mtu jina kwenye projekti

Wadau, msimu wa projekti umefika na kesi nazo zimeanza. Ninayoisikia sana ni hii: "Marekebisho yake hayamo kwenye tawi la kuwasilisha, huyu hajafanya kitu, tumtoe jina." Ushahidi? Mtu kaandika git branch --contains, kaweka namba ya komiti, tawi halikutokea. Basi, hukumu imepita.

Jamani! Kwanza amri hiyo ikiwa peke yake inaangalia matawi yaliyo kwenye mashine yako tu. Ongeza -a ndipo uone na ya kwenye seva, tena kama yalivyokuwa siku ulipofanya fetch mara ya mwisho. Kuna watu hawajafanya fetch tangu muhula uanze, ila kuhukumu wanajua.

Lakini kubwa zaidi ni kwamba amri hiyo haitafuti marekebisho. Inatafuta komiti yenye namba ile ile basi. Na namba hiyo inatokana na mafaili, komiti iliyotangulia, majina, saa na ujumbe, vyote pamoja. Ukihamisha komiti kwa cherry-pick kwenda tawi jingine, mistari inaweza kuwa ile ile kabisa, ila iliyotangulia ni nyingine, kwa hiyo namba inabadilika. Rebase nayo ni hivyo hivyo. Kazi ya mtu ipo, nyie mnatafuta namba ya zamani.

Tumieni git cherry -v, mtaje tawi la kuwasilisha kisha tawi la mwenzenu. Hii inalinganisha mabadiliko yenyewe: alama ya kutoa maana yake yameshaingia, ya kujumlisha haijayaona. Ila kama komiti tano zilibanwa zikawa moja, au mtu alirekebisha mgongano wakati wa kuhamisha, hata hii inadanganyika. Hapo hakuna njia ya mkato, fungueni faili msome.

Halafu cherry-pick huwa inabakiza jina la mwandishi wa kwanza, kwa hiyo git log --author kwenye tawi la kuwasilisha inaweza kumaliza ubishi kwa dakika moja.

Mi lawama naipeleka kwa anayehamisha kazi ya mwenzie bila kuweka -x, maana hiyo inaandika namba ya asili ndani ya ujumbe. Linux wakirudisha marekebisho kwenye matoleo yao ya stable huitaja komiti ya asili, na wao wana komiti maelfu. Sisi watu watano inatushinda nini?

Wenye kikao na mhadhiri Ijumaa, fetch kwanza.