Tumjue Fundi wa Umeme Kabla Hajapanda Ngazi

Wananchi wa Visiwa hivi hawana haja ya kuhadithiwa thamani ya umeme. Waliijua mwezi wa Mei 2008, pale Unguja ilipokaa gizani kwa kiasi cha mwezi mzima. Waliijua tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kwa miezi mitatu ya ndoo za maji vichwani na majenereta kunguruma milangoni mwa maduka. Tangu hapo kazi kubwa imefanyika. Pemba iliunganishwa na Tanga kwa waya wa chini ya bahari mwaka 2010, na mwaka 2013 Unguja ikapata waya wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, kuusaidia ule uliolazwa mwaka 1980.

Hiyo ni kazi ya kujivunia. Lakini waya wa baharini huishia kituoni, na waya wa mtaani huishia kwenye mita. Kutoka kwenye mita kwenda vyumbani wanamolala watoto wetu, usalama umo mikononi mwa mtu mmoja tu, naye ni fundi aliyetandaza nyaya. Swali letu la leo ni hili: je, mtu huyo tunamjua?

Ukweli ni kwamba wengi wetu hatumjui. Mwenye nyumba husikia kwa jirani kwamba yupo fundi hodari na tena si ghali. Huitwa, hupatana bei, hupanda ngazi, hulipwa, huondoka. Hakuna aliyemuuliza leseni yake ni ya daraja gani, wala nyumba za watu wangapi amekwisha kuzitia umeme, wala zimekuwaje baada ya yeye kuondoka. Mke akipika chakula kibaya hujulikana siku ile ile. Fundi wa umeme akifanya kazi mbovu, ubovu huo hufunikwa kwa plasta na rangi, ukangoja miaka.

Tuufahamu ubovu wenyewe. Waya wa milimita 1.5 za eneo umezoeleka kwa taa, na wa milimita 2.5 kwa soketi. Fundi mwenye tamaa akitia ule mwembamba kila mahali, taa zitawaka na mwenye nyumba atafurahi. Siku atakayoleta kiyoyozi au jiko la umeme, waya utapata moto ndani ya ukuta, na katika nyumba za Mji Mkongwe zenye dari za boriti kavu, moto hautachagua. Vile vile waya wa ardhi. Usipofungwa, friji itaganda vizuri tu, lakini siku umeme utakapovujia kwenye bati lake, ardhi itakuwa ni mwili wa atakayeigusa.

Ipo pia hatari ya rangi. Katika utaratibu wa Kiingereza tuliourithi, waya mweusi ulikuwa ndio usio na moto. Waingereza waliibadilisha rangi hizo mwaka 2004, na kuufanya utaratibu mpya kuwa wa lazima mwaka 2006. Katika utaratibu huo, waya mweusi kwenye nyaya za fezi tatu unabeba moto. Nyumba moja iliyoongezwa vyumba kwa nyakati tofauti inaweza kuwa na rangi za zama mbili. Fundi asiyesoma akifuata rangi kwa mazoea, anacheza na roho yake na ya wenziwe. Na fundi anayefunga jenereta bila ya swichi ya kubadilishia huurudisha umeme kwenye nguzo, na anayekufa ni mfanyakazi aliyepanda akiamini kwamba laini imezimwa.

Ndiyo maana nchi zimeweka leseni. Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, leseni za mafundi hao hutolewa na EWURA kwa madaraja. Kenya wanayo mamlaka ya EPRA, iliyochukua jina hilo chini ya Sheria ya Nishati ya mwaka 2019. Nasi tunayo mamlaka yetu ya udhibiti wa maji na nishati, ZURA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Kwa hiyo hatusemi kwamba vyombo havipo. Tunasema kwamba leseni peke yake haitoshi. Leseni hueleza kwamba siku fulani mtu alionekana anafaa. Haielezi alichokifanya tangu siku hiyo.

Jambo hili si geni kwa watu waliokaa chuoni mbele ya mwalimu. Wanavyuoni wa Hadithi hawakupokea maneno kwa sababu tu msemaji alikuwa na kilemba kikubwa. Walimchunguza kila mpokezi kwa mambo mawili: uadilifu wake, na udhibiti wake wa kile alichokipokea. Mcha Mungu mwenye kusahau hakukubaliwa, wala hodari mwenye kusema uongo hakukubaliwa. Waliandika vitabu vizima vya habari za wapokezi, na kuitaja aibu ya mpokezi kwa ajili ya kuwahifadhi watu hawakuihesabu kuwa ni kusengenya. Basi ikiwa wazee wetu walikuwa na daftari la wapokezi wa maneno, sisi tunaona vipi uzito kuwa na daftari la watu wanaotia moto ndani ya nyumba zetu?

Walioendelea katika jambo hili wapo. Katika jimbo la California, Marekani, bodi ya leseni za makandarasi imekuwapo tangu mwaka 1929. Mkandarasi wa umeme huko hutakiwa kuonyesha uzoefu wa miaka 4 na kuweka dhamana, ambayo tangu mwaka 2023 ni dola 25,000. Tangu mwaka 2005 waombaji huchukuliwa alama za vidole ili rekodi zao za jinai ziangaliwe. Na mwananchi yeyote anaweza kutazama kama leseni ya mkandarasi ni hai, na kama amepata kuadhibiwa.

Lakini hapa pana jambo la haki ambalo hatuna budi kulisema wazi. Rekodi isigeuzwe kuwa kamba ya kumnyongea mnyonge. Kijana aliyefungwa kwa kosa la utotoni, akatoka, akajifunza kazi, asifungiwe mlango wa riziki maisha yake yote. Hao hao wa California walitunga sheria mwaka 2018, iliyoanza kutumika mwaka 2020, kwamba kwa makosa mengi hukumu iliyopita miaka 7, au isiyohusiana na kazi yenyewe, isiwe sababu ya kumnyima mtu leseni. Huo ni mwenendo wa busara. Kinachotakiwa kuandikwa ni kile kinachoigusa kazi: wizi katika nyumba za wateja, kughushi hati, kuchezea mita, kazi iliyoleta moto au kifo. Na kila anayeandikwa apewe nafasi ya kujitetea kabla ya wino kukauka.

Wala tusiwasahau mafundi wa mitaani waliofunzwa na baba zao na ambao hawana hata cheti kimoja. Wamo kati yao wanaowashinda wenye vyeti. Hao wasifukuzwe, bali wapimwe kwa vitendo, wakamilishiwe palipopungua katika vyuo vya mafunzo ya amali, wapewe daraja linalowastahiki kwa ada wanayoiweza. Leseni ikiwa ghali kuliko faini, wengi watachagua faini.

Kwa Ndugu zetu watendaji Serikalini tuna neno la udugu. Daftari la mafundi liwe wazi mpaka kwa sheha, ili bibi wa Makunduchi au Micheweni aweze kuuliza bila ya kupanda gari kwenda mjini. Kila nyumba inapounganishwa, jina la fundi na namba ya leseni yake viandikwe pamoja na namba ya mita. Na jina la mkaguzi aliyetia sahihi liandikwe pembeni yake. Mkaguzi anayetia sahihi nyumba asiyoingia, kwa sababu ya haraka au kwa sababu ya bahasha, ni mshirika wa fundi mbovu, na rekodi yake nayo ihifadhiwe. Haiwezekani tumtake fundi awe mwadilifu hali ofisi inayompima haijipimi.

Na sisi wenye nyumba tuache kujifanya wageni. Tuulize leseni, tudai risiti yenye jina, tukatae kuunganishiwa kwa njia ya panya. Fedha tunazozipunguza kwenye waya leo tutazilipa kesho kwa nyumba nzima.

Umeme umetufikia kwa kuvuka bahari. Itakuwa ni aibu kubwa ikiwa utatushinda ukutani.