Linux na Windows zinaweza kusikilizana nyumbani bila kufuta hata moja

Butembo, Bunia ao Kindu, si vigumu kukuta nyumba yenye kompyuta mbili juu ya meza moja ambazo hazijuani. Ya baba ina Windows, na ndiyo inashika imprimanti. Ya mtoto anayesoma chuo kikuu ni ya zamani; fundi aliiwekea Linux kwa sababu Windows ilikuwa inaichosha. Siku ya kutoa karatasi za kazi yake ya mwisho wa masomo, mtoto anaituma kwa WhatsApp, kiisha anaipokea kwenye mashine ya baba iliyo hatua mbili pembeni. Faili ya mega 300 imekula mega 600: 300 za kupanda, 300 za kushuka. Na mega hazitolewi bure.

Asiye na mega anabeba flashi, ileile iliyopita jana kwenye chumba cha fotokopi. Virusi vinajulikana: dosie zote zinafichwa, zinabaki alama tupu. Linux haiumwi navyo, lakini inaweza kuvihifadhi na kuvirudisha kwenye mashine ya baba.

Hapo anaitwa fundi, na jibu lake mara nyingi ni moja: hizi mbili hazisikilizani, tufute Linux. Anaweka Windows isiyolipiwa, anachukua makuta yake, anaenda. Jibu hilo si la kweli. Tangu mwisho wa mwaka 1991, Andrew Tridgell wa Australia alianza programu ambayo leo inaitwa Samba, inayofundisha mashine zisizo za Microsoft kusema lugha ambayo Windows inatumia kugawana mafaili na imprimanti. Lugha hiyo ilibidi kukisiwa kwa kusikiliza mashine zikizungumza, kwani kampuni haikutoa maelezo kamili. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliiamuru iyatoe, mahakama ikathibitisha mwaka 2007, na Desemba ya mwaka huo upande wa Samba ukayapata kwa euro 10.000. Programu yenyewe ni ya bure.

Kazi ya nyumbani si kubwa. Rutere ya wifi inatosha, hata isiyo na mega, ao kable moja ya rezo kutoka mashine hadi mashine. Intaneti inahitajika mara moja tu, kuweka Samba kwenye Linux. Kiisha mtu anachagua dosie ya kugawana na kupatia Samba jina na neno la siri. Hapa ndipo wengi wanakwama: neno la siri la Samba linawekwa peke yake, hata kama mtumiaji ana lake tayari la kuingilia kwenye kompyuta. Upande wa Windows, rezo inatangazwa kuwa ya nyumbani, si ya watu wote, na mtu anaandika anwani ya mashine ya pili, kwa mfano \\192.168.1.10.

Kuna mafundi wanaofikisha hapo kwa njia mbaya zaidi. Wanazima ukuta wa ulinzi, wanaacha dosie bila neno la siri, wanarudisha SMB1, lugha ya zamani ambayo Windows 10 iliacha kuiweka yenyewe tangu mwisho wa 2017. Mafaili yanapita, mwenye nyumba anashukuru. Lakini WannaCry, virusi vilivyofunga mashine katika nchi karibu 150 mwezi wa Mei 2017, hospitali za Uingereza zikiwemo, viliingia kupitia tundu la SMB1. Windows 11 za karibuni zinakataa dosie isiyo na neno la siri, na zina haki.

Jambo hili litazidi. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha msaada wa kawaida wa Windows 10, na kompyuta nyingi za kabla ya 2018 hazikubaliwi na Windows 11. Ndizo wengi wanaponunua mashine zilizokwisha kutumika. Nyingi zitapewa Linux, pembeni ya Windows ya mtu mwingine katika nyumba ileile. Mwenye nyumba anayelipa fundi amwombe basi kazi yote: mashine zote mbili zibaki, zipeane mafaili mbele ya macho yake, na anwani pamoja na neno la siri viandikwe katika daftari kabla fundi hajatoka mlangoni.