Uzuri wa Nchi Usiuzwe kwa Pupa

Mume na mke wanaokwenda Thailand kwa mapumziko huvutwa na mambo matatu: chakula, utamaduni na mandhari. Mambo hayo hutajwa pamoja kana kwamba ni bidhaa za aina moja. Sivyo hata kidogo. Kila moja huvumilia ujio wa wageni kwa kiasi chake, na nchi isiyotambua tofauti hiyo huweza kuuza kitu ambacho haitaweza kukinunua tena.

Chakula ndicho kinachostahimili zaidi. Wawili hao wakiketi kando ya barabara mjini Bangkok, watapata tom yum, yaani supu ya kamba yenye mchaichai, ndimu na pilipili. Au pad thai, ambayo ni tambi za mchele zilizokolezwa kwa ukwaju. Pilipili asili yake ni Amerika, na mkwaju ni mti wa Afrika. Wathai wamevipokea vyote viwili na kuvifanya vyao. Ufundi huo haupungui kwa kuliwa. Mama muuza chakula akipata wateja mia badala ya kumi, hapotezi ujuzi wake, na fedha inaingia mkononi mwake mwenyewe. Mwaka 2024 UNESCO iliiingiza supu hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Utamaduni unahitaji tahadhari zaidi. Mchezo wa vinyago uitwao khon, ulioingizwa katika orodha hiyo mwaka 2018, na ukandaji wa mwili wa Kithai, uliofuata mwaka 2019, ni elimu zenye walimu na taratibu zake. Vivyo hivyo, mgeni aingiaye hekaluni hutakiwa kuvua viatu na kufunika mabega na magoti. Sharti hilo ni kinga. Humkumbusha mgeni kwamba mahali pale ni pa ibada kwanza, na pa matembezi baadaye. Miiko ikilegezwa ili kumfurahisha mwenye fedha, ibada hugeuka kuwa maonyesho.

Ama kuhusu mandhari, hapo ndipo pupa huleta madhara makubwa kuliko yote. Ghuba ya Maya, katika kisiwa cha Phi Phi Leh, ilipata umaarufu baada ya kuonekana katika filamu ya The Beach ya mwaka 2000. Wageni wakawa wanafika kwa maelfu kila siku, na nanga za mashua zikavunja matumbawe ambayo huchukua miaka mingi kukua. Juni 2018 Serikali ya Thailand iliifunga ghuba hiyo. Ilikusudiwa kufungwa kwa miezi minne tu, lakini ilipodhihirika kwamba haijapona, muda uliongezwa, na haikufunguliwa hadi Januari 2022. Katika kipindi hicho matumbawe mapya yalipandikizwa, na papa waliokuwa wametoweka wakarejea.

Hata ilipofunguliwa, masharti yaliwekwa. Mashua zilizuiwa kuingia ghubani, zikatakiwa kushusha abiria upande wa pili wa kisiwa. Wageni waliruhusiwa 375 kwa zamu, na kuogelea kukakatazwa. Tangu hapo ghuba imekuwa ikipumzishwa kila mwaka katika miezi ya Agosti na Septemba.

Uamuzi huo haukuwa mwepesi. Mwaka 2019 Thailand ilipokea wageni karibu milioni 40, na familia nyingi huishi kwa kazi hiyo. Wako watakaouliza kama ni haki kumnyima mwenye mashua riziki yake kwa ajili ya samaki na matumbawe. Swali hilo ni zito na halistahili kubezwa. Lakini ghuba iliyokufa hailishi mtu yeyote. Kipato kilichokosekana kwa miaka mitatu na nusu ni hasara inayoweza kufidiwa; matumbawe yakiangamia, ni ufukara wa wajukuu. Kinachopasa ni Serikali ifungayo mlango ihakikishe kwamba mzigo wa kufungwa hauwaangukii wanyonge peke yao.

Kwa sababu hiyo, ofisa anayeandika taarifa ya utalii asiridhike kuhesabu vichwa vya wageni. Hana budi kuuliza ni nini kinachotumika hadi kwisha, na nani atakilipia. Naye mwalimu anayefundisha ukarimu afundishe pia kwamba ukarimu una mipaka. Wahenga walikwisha kusema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wawili waliokuja kustarehe hawatapewa jembe la kulima. Watapewa masharti ya kufuata. Wakiyatii, watafurahia uzuri wa nchi ya watu bila kuuharibu, na watakaokuja baada yao wataukuta.