Nauli ndogo, begi ghali: msafiri wa Ulaya aonyeshwe bei kamili tangu mwanzo

Kwa Wakongomani wanaoishi Ulaya, ndege za bei nafuu zimekuwa kama basi. Kukiwa na kilio Lyon ao ndoa Milan, ndugu wa Brussels anatafuta tiketi kwenye simu, anaona nauli ndogo, analipa. Shida inamngoja kwenye mlango wa kupandia ndege: begi lake linawekwa ndani ya kipimo cha chuma, halienei, na anaombwa pesa ambayo inaweza kupita nauli yenyewe.

Tuseme wazi: kosa si la msafiri peke yake. Kila shirika lina kipimo chake. Brussels Airlines, ambayo ndugu wengi wa Kivu wanaipanda Kigali ao Entebbe, inaruhusu valizi ndogo ya sentimita 55 kwa 40 kwa 23. Ryanair na Wizz Air, kwa tiketi ya bei ya chini kabisa, zinaruhusu bure begi moja tu la sentimita 40 kwa 30 kwa 20, la kuwekwa chini ya kiti. EasyJet inaruhusu 45 kwa 36 kwa 20, na kilo 15. Ndiyo maana valizi iliyotoka Kigali bila shida inakataliwa siku chache baadaye kwenye uwanja wa Charleroi.

Sheria inasema nini? Tarehe 18 Septemba 2014, katika kesi ya shirika la Vueling, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba mzigo wa mkononi ni sehemu ya lazima ya safari na haupaswi kulipishwa zaidi, mradi uzito na ukubwa wake viwe vya kadiri na masharti ya usalama yafuatwe. Lakini haikutaja sentimita wala kilo. Mashirika yalipitia hapo: yanatoa nafasi ndogo bure, yanauza iliyobaki. Novemba 2024, serikali ya Uhispania ilitoza mashirika matano faini ya jumla ya euro milioni 179 kwa desturi kama hizo. Mashirika yaliipinga.

Yanajitetea kwamba asiye na mzigo asimlipie mwenye mzigo. Hoja hiyo ina uzito. Lakini nauli inayotangazwa si ya mtu anayekwenda matangani siku nne. Kama valizi inalipiwa, bei yake ionekane pamoja na nauli tangu mwanzo, na kipimo cha bure kiwe kimoja kwa mashirika yote.

Wakati tunangoja, msafiri asitegemee huruma. Pima begi nyumbani kwa mita ya fundi wa nguo, ukihesabu magurudumu na mshikio. Lipime likiwa limejaa, maana sombe na vitenge vinalivimbisha. Soma masharti ya kila shirika utakalopanda, si la kwanza tu. Kama begi linazidi, lipia nafasi mapema. Mlangoni bei iko juu zaidi.

Na wale ndugu zetu wenye uraia wa Ubelgiji ao Ufaransa wanachagua wabunge wa Ulaya. Wakija kuomba kura Matonge, waulizwe kuhusu valizi.