Makaburi ya Usangu nayo ni hati

Mtu wa Usangu akiambiwa kwamba shamba lake liko ndani ya hifadhi, swali la kwanza analokutana nalo ni hili: una karatasi gani? Wengi hawana. Walicho nacho ni majaruba yaliyochimbwa na baba, mwembe uliopandwa na babu, na makaburi ya wote wawili nyuma ya nyumba. Kwa mazoea ya ofisi zetu, hayo ni maneno ya wazee. Kwa sheria za nchi hii, hayo ni ushahidi. Mazoea hayo ni makosa, na yakome.

Yaliyopita Mbarali, wilaya yenye bonde la Usangu, yanajulikana. Mwaka 1998 sehemu ya bonde ilifanywa Pori la Akiba la Usangu. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji na mifugo yao waliondolewa kwenye ardhi oevu ya Ihefu, wengi wakaelekezwa Lindi na Pwani. Mwaka 2008, kwa Tangazo la Serikali Namba 28, pori hilo liliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambayo ukubwa wake ukakaribia kuongezeka mara mbili na kupita kilomita za mraba 20,000. Oktoba 2022 ikatangazwa kwamba vijiji vitano na vitongoji kadhaa vya wilaya hiyo viondoke. Malalamiko ya wananchi yakafika hadi Benki ya Dunia, ambayo Aprili 2024 ilisitisha kutoa fedha za mradi wa utalii wa REGROW, na mradi ukafungwa Novemba mwaka huohuo. Ni aibu kwamba mkulima wa mpunga wa Mbarali alilazimika kusikilizwa kwanza Washington.

Fikra kwamba asiye na karatasi hana ardhi hatukuirithi kwa mababu. Novemba 1895 amri ya Kaiser wa Ujerumani iliitangaza ardhi yote "isiyo na mwenyewe" kuwa mali ya dola yake, na mwenye kuamua ipi haina mwenyewe alikuwa yeye na maofisa wake. Waingereza nao, kwa sheria ya mwaka 1923, waliiweka ardhi yote chini ya Gavana; iliwachukua miaka mitano kukubali kwamba mwenyeji anayeishi kwa mila naye ana haki ya kutambuliwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilitungwa ili kuufunga ukurasa huo. Inasema aliyekaa na kutumia ardhi ya kijiji kwa amani na bila kificho kwa miaka 12 au zaidi ana haki. Inasema pia kwamba ardhi ya kijiji haihamishwi mpaka fidia yake, kiasi chake, namna ya kulipwa na muda wa kulipwa viwe vimekubaliwa. Neno ni "mpaka". Halisemi "baadaye", wala "bajeti ikiruhusu".

Wapo watakaosema maneno ya wazee hayapimiki. Waende Ilalasimba, Iringa Vijijini, kijiji kilichokuwa cha kwanza kujaribu upimaji wa mashamba kwa simu za mkononi. Vijana wa kijiji hichohicho walifundishwa kazi. Mwenye shamba alitembea mpakani, jirani wa kila upande akasimama kwenye kona yake, mzee akaeleza nani alifyeka pale kwanza na nani alimrithi, na simu ikanasa alama. Palipozuka ubishi, jirani alikuwapo palepale kuujibu. Kutoka katika majaribio ya namna hiyo, maelfu kwa maelfu ya hati za hakimiliki ya kimila zimetolewa Iringa na Mbeya. Kumbe Serikali inajua kugeuza kumbukumbu ya ukoo kuwa hati pale inapotaka. Kinachotushangaza ni kwamba maarifa hayo yanakubalika kunapogawiwa hati, halafu yanakataliwa kunapowekwa bikoni za hifadhi.

Hata mkoloni alizitumia nasaba zilipomfaa. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijiua Mlambalasi Julai 1898, na kichwa chake kikachukuliwa na Wajerumani. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kiliitaka Ujerumani ikirudishe. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipokwenda kukitafuta katika jumba la makumbusho la Bremen, lenye mafuvu mengi, hakuwa na karatasi ya kumwambia lipi ni la Mkwawa. Alikuwa na vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai. Kwa vipimo hivyo, na kwa tundu la risasi, akalichagua fuvu lililokabidhiwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954. Damu ya ukoo ilikubaliwa kuwa ushahidi mbele ya mataifa mawili. Isikataliwe leo mbele ya ofisi ya ardhi ya wilaya.

Na jina kamili la mtawala huyo ni funzo tosha. Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga: la kwanza humtaja kuwa mteka nchi, la pili ni la baba, la tatu ni la ukoo. Anayelitamka ametaja mtu, mzazi na mlango aliotoka. Majina mengi ya Nyanda za Juu Kusini yamejengwa hivyo, kuanzia kina "Mwa" wa Iringa hadi kina "Mwa" wa Rungwe. Ofisi inayoyaandika kwenye fomu kama jina la kwanza na la mwisho tu imetupa nusu ya ushahidi kabla ya kuusoma.

Wenzetu wa mbali wamekwisha kulipia kosa hili. Taifa la Choctaw, wenyeji wa Mississippi huko Marekani, liliachishwa ardhi yake kwa Mkataba wa Dancing Rabbit Creek wa Septemba 1830 na watu wake wakahamishwa hadi nchi ambayo leo ni Oklahoma. Zaidi ya nusu karne baadaye, Tume ya Dawes iliwaandika kwenye orodha ili ardhi yao mpya, waliyoimiliki kwa pamoja, ikatwekatwe viwanja vya mtu mmojammoja. Leo mjukuu anayetaka kutambuliwa kuwa raia wa taifa hilo hana budi kumtafuta babu au bibi yake katika orodha hiyohiyo. Ambaye mzee wake hakuandikwa, kwa kukataa au kwa kusahauliwa, amefungiwa mlango hata kama ukoo mzima unamjua. Daftari likiandikwa na anayetaka ardhi, hugeuka kuwa wembe. Ndiyo maana tunataka la Usangu liandikwe na kijiji chenyewe, na liandikwe mapema.

Hatusemi bonde lisilindwe. Ruaha Mkuu, mto uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, umekuwa ukikauka kila kiangazi tangu mwaka 1993. Maji yake ndiyo yanayojaza mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, na taa za nchi zinayategemea. Anayefungulia maji shambani usiku na mchana kana kwamba walio chini hawapo hana utetezi wetu, wala anayeingiza ng'ombe maelfu kwenye ardhi oevu. Lakini hifadhi inayoanza kwa kumdhulumu jirani yake hujitengenezea adui wa kudumu mpakani, na hakuna askari wa kutosha kuulinda mpaka wa namna hiyo.

Wala hatusemi nasaba iwe rungu la kumfukuzia mgeni. Historia ya hapa haimruhusu mtu kujidai yeye peke yake ndiye mwenye nchi. Wahehe waliwaondoa Wasangu wa mtemi Merere kwenye ngome yao ya Utengule; Wasangu wakaenda magharibi, wakajenga nyingine, kisha wakarudi baada ya nguvu ya Mkwawa kuvunjwa. Hadi leo Mbeya ina Utengule mbili, moja Usangu na nyingine karibu na Mbalizi, na zote mbili zinashuhudia kuhama. Waliokuja baadaye, Wasukuma, Wabena, Wakinga na wengineo, nao wamezika Mbarali. Sheria haiulizi kabila. Inauliza nani amekaa, tangu lini, na nani anamjua. Mwanasiasa anayesimama jukwaani kuwatenga "wenyeji" na "wakuja" apingwe bila woga.

Vilevile ukoo usitumike kumfuta mwanamke. Mila inayomnyima ardhi kwa kuwa ni mwanamke imeharamishwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji yenyewe. Wazee wanaohesabu nasaba kwa upande wa baba tu wanajua nani alikuwa akilima vinyungu vya bondeni kiangazi hadi kiangazi. Walitaje jina lake.

Basi hukumu yetu ni hii. Wizara ya Ardhi na Wizara ya Maliasili na Utalii zisipitishe mpaka wowote mpya katika Nyanda za Juu Kusini kabla ya kila kijiji kinachoguswa kuandika daftari lake: kaya, mashamba, visima, miti ya mipaka na makaburi, pamoja na jina la aliyezikwa na la anayemlilia. Ushahidi utolewe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, majirani wathibitishe, na nakala moja ibaki kijijini. Palipo na ulazima wa kuhamisha makaburi, Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 ifuatwe. Hiyo inatambua gharama za kufukua na kuzika upya, na hata za matambiko. Na wale ambao makaburi yao yamekwisha kumezwa na hifadhi, TANAPA, msimamizi wa hifadhi za taifa, iwape siku za kuingia kuyafagia bila kiingilio. Mtu anayekwenda kumzuru babu yake si mtalii.

Familia nazo zisingoje. Kila mlango ununue daftari la shule, umkalishe mzee chini angali anakumbuka, uandike nani alimzaa nani na nani alilima wapi. Shamba la ukoo huweza kuuzwa kwa mpandaji miti na kijana mmoja anayejiita mrithi, huku shangazi zake wakiwa hai na hawana habari.

Mpima ardhi atakayefika Mbarali na bikoni begani aulize kwanza daftari la kijiji liko wapi. Akiambiwa bado, aitue bikoni chini na asubiri.